Maswali ya Wasomaji: Picha zenye vitufe katika somo la historia shule za msingi

Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili liingizwe katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, walimu wa shule za msingi wameendelea kutuandikia wakiuliza namna ya kuwafanya watoto waipende historia badala ya kukariri tarehe. Safari hii tunajibu barua zinazohusu picha zenye vitufe, yaani picha ya kawaida, iwe ya kupigwa au ya kuchorwa, ambayo juu yake zimewekwa alama za kubofya. Mtoto akibofya alama moja, hufunguka maelezo mafupi, sauti, picha nyingine au swali.

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanga. Katika semina ya walimu nilionyeshwa picha za historia zenye vitufe, nikavutiwa nazo sana. Shuleni tuna kompyuta mpakato moja na projekta moja, mimi nina kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya mwaka 2022, na intaneti tunaipata kwa bando la mwalimu mwenyewe. Wanafunzi ni wengi kuliko madawati. Je, kazi hii inawezekana kwetu, na nianzie wapi?
*Mwalimu wa darasa la tano, Tanga*

JIBU: Mwalimu, inawezekana, na vifaa ulivyovitaja vinatosha. Nakuomba jambo moja tu: kompyuta iwe kitu cha mwisho kuguswa. Miradi mingi ya namna hii huharibika kwa sababu mwalimu huanza na programu, watoto wakashindana kuweka vitufe vingi, na mwishowe picha ikajaa maelezo yaliyonakiliwa ambayo hayahusiani kabisa na kinachoonekana. Kitufe kiko juu ya mlango, lakini maelezo yake yanataja mwaka aliozaliwa sultani. Hapo picha imegeuka ubao wa kubandikia matangazo, na mtoto hajaitazama hata kidogo.

Anza basi na uchaguzi wa picha, na uupe muda. Picha ifaayo ina vitu vingi vya kuonekana, inajulikana ilipigwa wapi na wakati gani, na ikiwezekana ina mwenzake, yaani picha nyingine ya mahali hapohapo katika wakati mwingine. Kwa historia yetu sijaona mfano mzuri kuliko ufukwe wa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tafuta picha iliyopigwa kabla ya Agosti 1896. Jengo kubwa lenye roshani zinazolizunguka katika kila orofa ni Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa utawala wa Sultani Barghash bin Said. Paa lake halina mnara. Mnara upo, ila umesimama peke yake mbele ya jengo, upande wa bahari, ukiwa na saa pamoja na taa ya kuongozea vyombo. Kisha tafuta picha iliyopigwa baada ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Uingereza ziliyapiga kwa mizinga majumba ya sultani kwa muda usiozidi dakika 40 hivi, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amekikalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza. Mnara umeharibika, jumba la Beit al-Hukum limekuwa kifusi, na katika picha zilizopigwa kuelekea bandarini inaonekana milingoti ikichomoza juu ya maji: ni ya Glasgow, meli ya sultani iliyozamishwa asubuhi hiyo. Picha ya tatu, ya miaka iliyofuata, inaonyesha mnara wa saa ukiwa sasa umeunganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe. Huo ndio mnara tuliouzoea sisi, mpaka sehemu ya mbele ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Ukiziweka picha hizo tatu mbele ya watoto bila kusema neno, watauliza wenyewe mnara wa mbele umekwenda wapi. Usiwajibu upesi. Swali hilo, likiwa limetoka vinywani mwao, ndilo litakalokuwa kitufe cha kwanza, na kutoka hapo vita vya mwaka 1896 vitafundishika kwa urahisi, kwa sababu watoto wanatafuta sababu ya kitu walichokiona kwa macho yao.

Hatua inayofuata ifanyike kwenye karatasi. Ikiwa shule haina mashine ya kuchapia, bandika karatasi za manila ukutani, rusha picha juu yake kwa projekta, na watoto waifuatishe kwa penseli. Kazi hiyo ya kufuatisha mistari huwalazimisha kutazama kuliko maelekezo yoyote ya mwalimu. Ligawe darasa katika makundi, kila kundi lipewe sehemu yake ya picha, na kila mtoto aandike kwanza anachokiona kabla hajaandika alichosoma au alichoambiwa. Sharti hili ndilo ninaloliamini kuliko yote: hakuna kitufe kinachokubaliwa ikiwa sentensi yake ya kwanza haitaji kitu kinachoonekana mahali hasa kilipowekwa kitufe. Baada ya hapo ndipo waeleze maana yake na kutaja walikojulia. Maelezo yasizidi maneno 50, kwa mfano hivi: "Tunaona milingoti inachomoza majini, lakini meli haionekani. Ni meli ya Sultani wa Zanzibar iitwayo Glasgow. Ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Tumesoma kitabuni na tumelinganisha na picha ya zamani. Bado tunataka kujua mabaharia wake walikwenda wapi." Sentensi ile ya mwisho usiifute. Mtoto aliyefika mahali pa kuuliza swali ambalo kitabu chake hakijalijibu ameanza kuifanya kazi ya mwanahistoria.

Vitufe sita hadi vinane vinatosha kwa picha moja, hata kama makundi ni mengi. Makundi mawili yanaweza kushindania sehemu moja, na darasa lichague maelezo yenye ushahidi bora.

Sasa kompyuta. Bila intaneti kabisa unaweza kutumia PowerPoint, au LibreOffice Impress ambayo ni ya bure. Slaidi ya kwanza ijazwe na picha nzima. Juu ya kila kitu mnachokieleza chora duara dogo, kisha uliwekee duara hilo kiungo kinachoelekea kwenye slaidi ya maelezo iliyo ndani ya faili hilohilo, na katika kila slaidi ya maelezo weka mshale unaorudisha kwenye picha. Kuna jambo dogo ambalo huwasumbua walimu wengi: kwa kawaida slaidi husonga mbele mtu akibofya popote, hivyo mtoto akikosa duara kwa upana wa kidole hujikuta katika slaidi asiyoichagua. Ingia kwenye mipangilio ya mpito wa slaidi, ondoa alama inayoruhusu slaidi kusonga kwa kubofya, na uifanyie hivyo kila slaidi. Kisha waambie watoto watumie kipanya peke yake, kwani vitufe vya mishale vya kibodi bado vitaisogeza. Sauti nayo inaingia vizuri. Mrekodi mtoto akiyasoma maelezo ya kundi lake kwa kishikwambi chako, uihamishe rekodi kwenye kompyuta na kuiweka katika slaidi, ili asiyesoma haraka, na mwenye shida ya kuona, naye ashiriki.

Ukitaka kuvuka hapo, iko H5P, programu huria iliyoanzia Norway, yenye aina ya kazi iliyoundwa kwa ajili ya vitufe juu ya picha, na nyingine inayoweka picha mbili mahali pamoja na kumwacha mtoto avute mstari wa katikati ili picha ya kale iipishe ya sasa. Hiyo ya pili inafaa mno kwa ufukwe wa Mji Mkongwe, mradi picha zote mbili ziwe zimepigwa kutoka upande mmoja na kukatwa kwa ukubwa mmoja. Lumi, ambayo nayo ni ya bure, hukuwezesha kuandaa kazi za H5P kwenye kompyuta bila mtandao na kuzihifadhi katika faili moja linalofunguka kwa kivinjari cha kawaida, kwa hiyo unaweza kulibeba kwa flashi hadi shule ya jirani. ThingLink, iliyoanzia Finland, ni rahisi kuitumia na inapokea hata picha za kuzunguka pande zote, ila kwa kawaida inahitaji intaneti wakati wa kutengeneza na kuonyesha. Kwa bando la mwalimu mwenyewe, sikushauri.

Na ikiwa Zanzibar ni mbali kwa watoto wako, magofu ya Tongoni yako kusini mwa mji wenu, na makaburi yake ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo za mawe, yanastahili mradi wa peke yake. Piga picha wewe mwenyewe, asubuhi, jua likiwa pembeni, ili mawe yaonekane yalivyopangwa.

SWALI: Bwana Mhariri, binti yangu yuko gredi ya nne. Mwalimu wao amewapa mradi wa kutengeneza picha ya Mombasa ya kale yenye vitufe. Binti ameiomba programu ya akili unde (AI) kwenye simu yangu imtengenezee picha, na kwa kweli imetoka nzuri mno: majahazi, minara, soko na watu waliovaa kanzu. Mama yake anasema huo ni udanganyifu. Mimi naona ni ubunifu. Nani ana haki?
*Mzazi, Mombasa*

JIBU: Mzazi mwenzangu, mama ana haki, ingawa neno udanganyifu ni zito kwa mtoto ambaye hakukusudia kumdanganya mtu. Picha hiyo haiwezi kutumika kama ushahidi wa historia kwa sababu hakuna aliyeuona mji ule akauchora. Programu imekusanya sura za picha nyingi mno na kutoa mchanganyiko unaopendeza. Binti akiweka kitufe juu ya mnara wa msikiti na kuulizwa ni msikiti gani, hatakuwa na jibu, wala hakuna mahali pa kwenda kulitafuta.

Mtu anaweza kusema kwamba hata zamani watu walichora miji wasiyoiona, na hilo ni kweli. Upo mchoro maarufu wa Mombasa uliochapishwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1572, katika atlasi ya miji ya Georg Braun na Frans Hogenberg, ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala. Ulichorwa Ulaya, kwa taarifa zilizoletwa na Wareno, na majengo yake mengi yanafanana na ya miji ya Ulaya kuliko nyumba za mwambao wetu. Hata hivyo tunamjua aliyeuchapisha, tunajua mwaka na mahali, na tunaweza kuuliza kwa nini ulichorwa hivyo. Makosa yake yenyewe ni habari, kwa maana yanatuonyesha Wazungu wa karne ya 16 waliiwaza vipi pwani ya Afrika Mashariki. Mchoro huo umekwisha kuwa mali ya umma, na nakala zake zinapatikana bure kwenye hazina ya picha ya Wikimedia Commons.

Mpe binti yako mchoro huo, halafu mwulize Fort Jesus iko wapi humo. Ataitafuta na hataiona, kwa kuwa ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Hapo atakuwa amejifunza kuitumia tarehe kama chombo cha kupimia picha. Kisha irudieni ile picha ya simu mkaipime kwa kipimo hichohicho. Ikiwa ina ngome na inadai kuwa Mombasa ya karne ya 15, binti ataigundua kasoro yake mwenyewe, na kuigundua kutamfaa kuliko kukatazwa.

Kwa mradi wenyewe, pendekezo langu ni mwende Fort Jesus siku ya mapumziko, apige picha kwa simu yako. Mtafutie pia picha ya ngome kutoka juu, ambayo wengi huifananisha na mwili wa mtu, ili aweke vitufe kwenye buruji nne, yaani sehemu za ngome zinazochomoza pembeni, na kwenye lango. Mambo ya kueleza yamejaa tele: Waomani waliizingira tangu mwaka 1696 na kuitwaa mwaka 1698, Waingereza waliifanya gereza hadi mwaka 1958, na sasa ni makumbusho na urithi wa dunia tangu mwaka 2011. Picha ya akili unde, akitaka kuitumia, aiweke mwishoni ikiwa na maandishi yanayosema waziwazi kwamba imetengenezwa kwa kompyuta na si picha ya Mombasa halisi, pamoja na orodha ya makosa aliyoyaona ndani yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wamekwisha kutengeneza picha zao. Tatizo ni kuzisahihisha. Zenye rangi nyingi na muziki hunivutia, nami huogopa kuwapendelea wenye wazazi wenye kompyuta nyumbani. Nitoe alama kwa kufuata nini?
*Mwalimu, Morogoro*

JIBU: Hofu yako ni ya haki, Mwalimu. Kati ya alama 20, mimi ningetoa 8 kwa maelezo yanayotokana na kile kinachoonekana pichani, 6 kwa kutaja chanzo, 4 kwa lugha, na 2 tu kwa mwonekano. Watangazie watoto mgawanyo huo kabla hawajaanza. Kundi lililotumia manila na vibandiko vya karatasi vinavyofunuliwa kwa mkono lipate nafasi sawa kabisa na kundi la kompyuta, maana kitufe cha karatasi kinabeba maelezo yaleyale. Pia usisahihishe ukiwa peke yako nyumbani: simama na kila kundi, chagua kitufe kimoja, na muulize mtoto mmoja asiye kiongozi wa kundi, "Mmejuaje?" Jibu lake litakuonyesha kama maelezo ni yao au ni ya kaka aliye sekondari.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mradi wetu watoto wameleta picha za familia, na babu wa mmoja wao ana picha ya kijiji wakati wa Operesheni Vijiji. Tumeiwekea vitufe na sauti ya mzee akisimulia. Tunataka kuiweka kwenye intaneti ili shule nyingine zijifunze. Kuna tatizo?
*Mwalimu, Dodoma*

JIBU: Kazi yenu imenigusa, kwa sababu historia ya miaka ya 1973 hadi 1976, mamilioni ya watu walipohamishiwa vijijini, bado iko vichwani mwa wazee, na kila mwaka tunawapoteza. Lakini kuweka hadharani sauti na sura ya mtu ni jambo la ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata pasipo sheria heshima ingedai hivyohivyo. Ruhusa aliyoitoa mzee ya kuonyesha picha darasani si ruhusa ya kuisambaza duniani. Nendeni mkamweleze upya, kwa utulivu, kwamba kilichowekwa mtandaoni kinaweza kunakiliwa na mtu yeyote na hakirudishiki tena, kisha ajibu mwenyewe. Watu wengine wanaotambulika pichani, au familia zao, nao waulizwe. Kwa wanafunzi, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na majina yao kamili, jina la mtaa wanaoishi na sura zao visionekane kabisa katika toleo la mtandaoni. Herufi za mwanzo za majina au jina la kundi zinatosha.

Picha yenyewe isikae shuleni. Ilazeni karibu na dirisha, kishikwambi kikiwa sambamba nayo na taa yake ikiwa imezimwa, mpige upande wa mbele na wa nyuma, kisha irudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Upande wa nyuma msiudharau: muhuri wa studio, tarehe iliyoandikwa kwa kalamu au jina la aliyetumiwa huwa ni ushahidi mkubwa kuliko sura zilizo mbele, nao unastahili kitufe chake.

Kuna jambo la mwisho linalohitaji busara ya mwalimu. Watu wengine walihama kwa hiari na wengine kwa nguvu, na kuna walioshuhudia nyumba zao zikibomolewa. Watoto wafundishwe kumwuliza mzee maswali ya wazi, kama vile "Siku ile mlibeba nini?" na kumwacha anyamaze akitaka kunyamaza. Kabla ya kuweka chochote mtandaoni mpelekeeni kompyuta nyumbani, abofye kitufe kimoja baada ya kingine na kuisikiliza sauti yake mpaka mwisho, na kile atakachosema kiondolewe, kiondolewe hapohapo akiona.